Shahidi Hupimwa Kabla Hajasema

Katika miaka ya themanini, nilipokuwa bado mkufunzi wa chuo cha ualimu na ukuu wa chuo sijaupata, mpwa wangu alikuja kufuturu kwangu siku za mwisho wa Ramadhani. Ni mtoto wa dada yangu mkubwa, na wakati huo alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu akisoma historia. Usiku wa pili, tuliporudi kutoka tarawehe, aliweka mezani bunda la fotokopi zilizofifia wino, akasema, "Mjomba, kuna mtu hapa anasema hadithi za Mtume zilitungwa baada ya Mtume kuondoka. Nimesoma mara mbili. Sijui nimjibu nini."

Nilizitazama zile karatasi juu juu. Nikaona jina la Kizungu, nikasoma mistari miwili mitatu, nikazifunika. Kisha, kwa sauti ileile niliyokuwa nikiitumia darasani, nikamwambia kwamba kitabu kile ni cha adui wa dini, kwamba mtu hateki maji kwenye kisima kilichotiwa sumu, na kwamba ndani ya nyumba yangu hakitasomwa. Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, nimekuja kuuliza, sikuja kubishana." Nikamwambia, "Basi nimekwisha kukujibu."

Aliondoka asubuhi, kabla ya Idi. Tangu siku ile tulionana mara nyingi, kwenye harusi na kwenye matanga, na hajapata kunikosea heshima hata siku moja. Lakini la dini hakuniuliza tena. Dada yangu, Mungu amrehemu, alipata kuniambia kwamba mwanawe akienda mazikoni husimama nje ya msikiti mpaka watu watoke na jeneza. Alinitazama aliposema hivyo, na mimi nikaangalia pembeni.

Nalileta jambo hili mbele yako, msomaji wangu, kwa sababu nimelifikiri muda mrefu kuliko jambo lolote nililofanya kazini. Wataalamu wa vyuo vikuu, walio Waislamu na wasio Waislamu, wamekuwa wakiuchunguza Uislamu kwa zaidi ya karne moja sasa kwa zana za mwanahistoria. Wanachosema kinatufikia, tutake tusitake. Je, mtu mwenye imani ana wajibu gani mbele ya uchunguzi huo? Na je, mtu mzima ana haki ya kukifunga kitabu kwa niaba ya kijana?

Ilinichukua miaka mingi kumjua yule mwandishi niliyemwita adui. Alikuwa Joseph Schacht, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1902. Aliiacha nchi yake wakati wa utawala wa Hitler, akafundisha Cairo, na baadaye Oxford, Leiden na New York. Kitabu chake juu ya chimbuko la sheria ya Kiislamu kilitoka mwaka 1950. Kabla yake alikuwapo Goldziher, Myahudi wa Hungaria, aliyeandika mwaka 1890 kwamba hadithi nyingi zinatuonyesha mabishano ya vizazi vilivyofuata kuliko maneno ya Mtume mwenyewe. Schacht aliichukua fikra hiyo akaipeleka kwenye fiqhi, na hoja zake ni za mtu mwenye akili kali. Alisema kwamba wanasheria wa karne ya pili ya Hijria walipogombana juu ya jambo, kila mmoja angeleta hadithi ya kumsaidia kama anayo. Ikiwa hakuileta, basi haikuwapo bado. Alisema pia kwamba sanad hukua kwa kurudi nyuma: rai huanza kwa mwanachuoni wa baadaye, kisha ikapewa mfuasi wa masahaba, kisha sahaba, mwisho Mtume. Kwake yeye, kadiri sanad ilivyo kamili na safi ndivyo ilivyotengenezwa karibuni.

Haya ndiyo aliyokutana nayo kijana wa miaka ishirini na miwili, peke yake, katika maktaba. Nami nilikuwa na silaha gani ya kumpa? Nilikuwa nimehitimu Kurani chuoni kwa maalimu wetu na nilijua fiqhi ya kawaida ya Kishafii. Juu ya elimu ya hadithi nilijua kwamba Bukhari ni sahihi. Kwa nini ni sahihi sikupata kuuliza, maana sikuwa na sababu ya kuuliza. Kusema kweli, nilichokilinda usiku ule kilikuwa ujinga wangu usionekane mbele ya mtoto wa dada yangu, na dini niliitaja tu kama kisingizio.

Jambo la kusikitisha ni kwamba swali la kijana lilikuwa swali letu wenyewe, la zamani sana. Nani alikuwa wa kwanza kushuku kwamba kuna hadithi za kutunga? Waislamu. Elimu nzima ya kuwapima wapokezi ilijengwa juu ya shaka hiyo: huyu alikuwa mkweli, huyu alikuwa msahaulifu, huyu alisema amesikia kwa mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Ibn al-Jauzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201, aliandika kitabu kizima cha hadithi za uongo. Dhahabi wa Damascus alikusanya majuzuu ya wapokezi waliotiwa dosari. Wazee hao hawakuona kwamba kupima ni kukufuru. Waliona kwamba kuacha kupima ndiko kungeruhusu uongo ukae katika kinywa cha Mtume. Sasa mimi, mwalimu niliyesomea kazi, nikamwambia kijana asipime.

Wakati mimi nimefunika karatasi zangu, kulikuwa na Mwislamu aliyekwisha kuzifunua zamani. Muhammad Mustafa Azmi alitoka Bara Hindi, akasoma Deoband, akaenda Azhar, kisha akaenda Cambridge, nyumbani kwa wenyewe, akapata shahada ya udaktari mwaka 1966 kwa utafiti juu ya hadithi za mwanzo na jinsi zilivyoandikwa. Mwaka 1985 alitoa kitabu cha kumjibu Schacht peke yake, hoja kwa hoja, ukurasa kwa ukurasa. Hakumwita mtu kafiri wala adui. Alionyesha kwamba mwanasheria anapotoa hukumu hufupisha. Hataji sanad yote kwa jambo ambalo wanafunzi wake wanalijua, kwa hiyo kutafuta ukuaji wa sanad katika vitabu vya fiqhi ni kuvua samaki shambani. Alionyesha kwamba mtu kunyamaza si dalili kwamba hana la kusema. Akaonyesha hadithi iliyopokewa kwa maneno yanayokaribiana na watu wa miji iliyotawanyika mbali, akauliza ni lini watu hao walikutana kupanga uongo wao. Na pale ambapo Schacht alisoma vibaya Kiarabu cha matini, alisema hivyo na kuonyesha mstari.

Sisemi kwamba Azmi alimaliza ubishi. Haujesha, wako wasomi mpaka leo wanaomfuata Schacht kwa mengi. Lakini tazama namna alivyojibu. Alikisoma kitabu kile mpaka mwisho.

Yule aliyenifundisha zaidi hakuwa Mwislamu. Harald Motzki, Mjerumani aliyefundisha Nijmegen huko Uholanzi, alitoa kitabu mwaka 1991 juu ya Musannaf ya Abdulrazzak wa Sanaa, mkusanyo mkubwa wa hadithi na fat'wa. Abdulrazzak alifariki mwaka 827, lakini Musannaf yake ilichapishwa miaka ya sabini mwanzoni, Schacht akiwa amekwisha kufa. Ndani yake mna mapokezi mengi ya Ibn Juraiji wa Makka kutoka kwa mwalimu wake, Ata bin Abi Rabah, yule mtu mweusi aliyekuwa mufti wa Makka. Motzki alijiuliza: kama Ibn Juraiji alikuwa akitunga, angetungaje?

Hapa naomba ruhusa niingize kazi yangu. Nimesahihisha mitihani zaidi ya miaka thelathini, na aliyeibia namjua. Karatasi yake ni safi mno. Majibu yanafuatana kama askari wa gwaride, na hakuna mahali alipokata neno akaandika jingine. Mwanachuo mkweli anaandika, anafuta, anakiri kwamba sehemu ya pili ya swali haijui. Basi Motzki aliona katika Musannaf karatasi ya mwanachuo mkweli. Ibn Juraiji anasema hapa nilimwuliza Ata, hapa sikumsikia mwenyewe bali niliambiwa na fulani. Mara nyingi Ata anajibu kwa rai yake tu, bila kumtaja Mtume wala sahaba, wakati mtunzi angemtaja Mtume kila mara ili neno lake liwe na nguvu. Pengine mwanafunzi anatia shaka hata maneno ya mwalimu wake. Motzki akahitimisha kwamba haya yanatoka kweli kwa Ata, yaani mwanzoni mwa karne ya pili ya Hijria, na mengine yanarudi nyuma hata karne ya kwanza, mapema kuliko Schacht alivyokubali. Hakusema kwamba amethibitisha kila neno mpaka kwa Mtume. Alisimama pale ushahidi wake uliposimama.

Niliposoma maelezo ya kazi hiyo nilifurahi sana, na furaha ile ndiyo iliyonitia wasiwasi. Kwa nini Mjerumani huyu nimsikilize na yule nisimsikilize? Wote wawili ni wageni katika dini yangu, na wote wawili wametumia makarani walewale wa historia. Tofauti yao mbele ya macho yangu ilikuwa moja tu: mmoja amesema ninachokipenda.

Mwezi wa Julai mwaka 2015 jambo hili lilinijia mpaka mlangoni. Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilitangaza kwamba karatasi mbili za Kurani, za ngozi, zilizokaa katika maktaba yao tangu miaka ya ishirini na kuchanganywa na kurasa za msahafu mwingine, zimepimwa kwa kaboni huko Oxford. Ngozi ile ni ya kati ya mwaka 568 na 645, kwa uhakika wa asilimia 95.4. Mtume alifariki mwaka 632. Ijumaa iliyofuata imamu wetu alisimama mimbarini na picha ya kurasa zile, akasema sayansi imethibitisha. Watu walitoa takbiri. Mimi nilitoa pia.

Lakini imamu huyuhuyu, miaka michache nyuma, alituonya mimbari ileile kwamba utafiti wa Ulaya juu ya dini yetu ni hila tupu na usisikilizwe. Nikawa najiuliza nikiwa njiani kurudi nyumbani: je, kama kaboni ingesema mwaka 800, tungeibandika picha ukutani? Wala hatukujali kwamba kipimo kile ni cha ngozi, yaani siku mnyama alipochinjwa, wino hakikuugusa. Na yako maandishi mengine ambayo hatukuyabandika. Mwaka 1972 mafundi waliokuwa wakitengeneza Msikiti Mkuu wa Sanaa, Yemen, walikuta lundo la kurasa kuukuu za Kurani. Mojawapo ya misahafu ile iliandikwa mara mbili: maandishi ya kwanza yalifutwa, ya pili yakaandikwa juu yake. Wataalamu wakayasoma yale ya chini, wakakuta baadhi ya maneno na mpangilio wa sura si ule tuujuao. Kwa mtu aliyesoma vitabu vya wazee wetu hili si la kuangusha nyumba, maana wazee wenyewe waliandika kwamba masahaba kama Abdalla bin Masudi walikuwa na misahafu yenye tofauti za namna hiyo kabla ya Khalifa Uthmani kuwakusanya watu kwenye msahafu mmoja. Hata hivyo sikusikia takbiri kwa ajili ya kurasa za Sanaa.

Katika mahakama ya kadhi shahidi hupimwa kabla hajasema. Huulizwa ni mtu wa namna gani, mkweli au la. Akishakubaliwa, neno lake husikilizwa liwe kwa faida yako au kwa hasara yako. Mwenye shauri hawezi kungoja shahidi amalize, ndipo aseme huyu simtaki kwa kuwa kanigeuka. Sisi na wataalamu wa vyuo vikuu tumekuwa tukifanya hivyo hasa.

Najua utakaloniambia, na lina uzito. Fiqhi hiyohiyo inakataa ushahidi wa adui juu ya adui yake, na wataalamu wengine walikuwa maadui kweli. Snouck Hurgronje, Mholanzi, aliingia Makka mwaka 1885 akajifanya mmoja wetu, akaandika kitabu kizuri cha mji ule. Kisha akaenda kuishauri serikali ya Uholanzi namna ya kuwavunja Waislamu wa Aceh. Edward Said alipotoa kitabu chake mwaka 1978 akisema elimu ya Wazungu juu ya Mashariki imefungamana na utawala wao, hakuwa anazua. Nami nilikitumia kitabu hicho, bila kukisoma, kama rungu.

Lakini iko tofauti ambayo ilinipita usiku ule. Ushahidi na hoja si kitu kimoja. Nikikuambia nimeuona mwezi, huna budi kuuliza mimi ni nani na macho yangu yakoje. Nikikuambia saba mara nane ni hamsini na sita, huna haja ya kuuliza nasali wapi, hesabu mwenyewe. Schacht hakusema aliona kitu usiku wa giza. Alileta hoja na kurasa zake, na mlango wa kuzihesabu ulikuwa wazi kwa adui na rafiki. Azmi aliingia kwa mlango huo.

Hapa nakwama kidogo, na sitaficha. Mimi sijui Kiarabu cha kumhesabia Schacht. Wewe pengine pia hujui. Kwa walio wengi hoja ya mtaalamu hutufikia kama ushahidi tu, neno la fulani dhidi ya fulani, na tunarudi palepale pa kuuliza nani wa kuaminiwa. Sioni njia ya kutoka humo isipokuwa kuweka masharti mapema, kabla ya kujua hukumu itaangukia upande gani: anaonyesha kurasa zake? Anakiri asichokijua? Akikosolewa na mjuzi mwenziwe, hurekebisha? Masharti hayo magumu yatamwangusha mzushi wa Ulaya, na nachelea yatawaangusha baadhi ya wahubiri wetu wa kaseti nao.

Tena upande wetu wa pwani tuna mfano wa karibu, nao unanipa moyo. Mwaka 1923 Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Unguja alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili yenye maelezo yake, iliyokusudiwa kuwasaidia Wakristo katika kazi yao. Waislamu waliudhika, na walikuwa na haki ya kuudhika. Mwaka 1953 Waahmadiyya wakatoa yao, maudhi yakawa mapya. Lakini wazee wa pwani hawakuishia kuudhika. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kufasiri, mauti yakamkuta mwaka 1947. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwalimu wa shule kama mimi kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliikamilisha yake mwaka 1969, na katika maelezo yake anawajibu waliomtangulia kwa majina. Msahafu huo wa kijani ndio uliomo katika nyumba nyingi za Waswahili, na mama zetu waliufahamu maana yake kwa mara ya kwanza humo. Sidhani ungeandikwa wakati ule kama hakuna aliyetuudhi.

Mwaka juzi nilipata nakala ya kitabu cha Azmi, nikakisoma kwa miezi minne, kurasa mbili tatu kwa siku, kwa kuwa macho yangu hayavumilii. Nilipomaliza nilimwandikia mpwa wangu barua. Siku hizi yuko Mwanza, naye amestaafu. Nilimweleza kwamba usiku ule sikumjibu, nilimnyamazisha. Nilimweleza kwamba jibu lilikuwapo, lilikwisha kuchapishwa, na kwamba mimi nilikuwa mtu mzima niliyepaswa kusema "sijui, tukatafute." Sikumhubiria lolote lingine.

Ilipita miezi miwili. Kisha akajibu kwa karatasi moja. Alinisalimu kwa heshima kama kawaida, akauliza hali ya mguu wangu. Akasema kitabu kile alikirudisha maktaba mwaka uleule na kwamba hata wakati ule hakukiamini chote. Mambo mengine aliyaona yamevutwa kwa nguvu. "Mjomba," akaandika, "sikuwa natafuta jibu sana. Nilitaka mtu wa kukaa naye tukisoma, nami nilikuchagua wewe kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kusoma." Juu ya sala hakuandika neno, nami sikuthubutu kuuliza.

Nimemwandikia tena. Nimemwambia chumba cha uani kipo wazi, Azmi yuko mezani, na aje na miwani yake kwa kuwa herufi ni ndogo. Bado hajasema lini.